Vipindi vya Ziada

Jumatatu, 6 Januari

Ratiba imebandikwa. Tulijazana mbele ya ubao wa matangazo kama watahiniwa wanaotafuta majina yao, wakufunzi wazima, na hakuna aliyecheka. Mwaka jana wenzetu wawili walipoacha kazi tuliambiwa nafasi zao zitajazwa baada ya Krismasi. Zimejazwa na sisi. Uuguzi wa watoto, ambao sijaugusa tangu nimalize chuo, sasa ni wangu. Huduma ya dharura ni yangu kwa madarasa yote. Na kila Alhamisi na Ijumaa niko Runzewe.

Runzewe ndiko Mkuu wa chuo chetu cha uuguzi, Dkt. Maduhu, alikofungua tawi Oktoba, kwa sababu huko kwenye dhahabu wazazi wanalipa ada bila kuomba wavumiliwe. Tawi halina mkufunzi hata mmoja wa kwake. Tunapanda basi hapa Shinyanga alfajiri, tunafundisha hadi jioni, tunalala gesti, tunafundisha tena, tunarudi.

Salome, rafiki yangu anayefundisha elimu ya dawa, alisoma ratiba hadi chini kisha akasema kwa sauti ya kusikika ofisini kwa Mkuu, "Hapa nimepewa mara mbili ya vipindi vilivyo kwenye mkataba wangu. Nani kaniuliza?"

Nyuma yetu Mzee Theonest alikuwa ananakili vipindi vyake taratibu, kama vile ananakili mstari wa Biblia.

Alhamisi, 9 Januari

Darasa la Runzewe ni ukumbi wa harusi wa kukodi. Vitambaa vya zambarau bado vinaning'inia darini. Wanafunzi wamekaa kwenye viti vya plastiki vya sherehe, wanaandikia mapajani. Nyuma ya ukumbi kuna karasha za kusaga mawe ya dhahabu. Zikianza kunguruma nafundisha kwa kupiga kelele. Mvua ikishuka juu ya bati sifundishi kabisa, naandika ubaoni na kunyamaza.

Kiongozi wa darasa anaitwa Ngusa, mtu mzima, ana ndevu, aliuza sehemu yake ya duara, shimo la dhahabu, huko machimboni ili aje kusomea uuguzi. Aliniuliza mazoezi ya huduma ya dharura yataanza lini. Nikamwambia doli la mazoezi liko Shinyanga na ni moja tu. "Hata bila doli, Madam. Hapa watu wanaanguka kila siku." Nikasema tutaona.

Jumanne, 14 Januari

Mvua imekata. Joto la kukaanga. Sauti imenikauka.

Jumatatu, 20 Januari

Kikao na Mkuu. Alituagizia soda, akatabasamu, akasema, "Sisi hapa ni familia. Kwenye familia mmoja akielemewa, mwingine humsaidia kubeba."

"Kwenye familia baba naye hubeba, Mkuu," Salome akajibu.

Tulicheka, tukajutia kicheko. Tabasamu la Maduhu halikuondoka usoni ila macho yalibadilika. Akasema anayeona mzigo mzito, mlango uko wazi, na waombaji wa kazi wamejaa mjini. Tukamaliza soda zake.

Ijumaa, 24 Januari

Nimerudi kutoka Runzewe mgongo ukiniuma. Mume wangu, Baba Nelly, anasema mwalimu wa Nelly aliwauliza watoto darasani kazi za wazazi wao. Binti yangu akajibu, "Mama yangu kazi yake ni kusafiri."

Jumatatu, 3 Februari

Leo tumekutana sebuleni kwa Salome, hapa hapa mtaani kwetu Ngokolo, wakufunzi karibu wote, tukila matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vya kuchemshwa, na karanga. Tumekubaliana. Kuanzia Jumatatu ijayo kila mtu atafundisha vipindi vya mkataba wake tu. Vya ziada tutavikalia barazani, mbele ya kila mtu, mikono magotini. Runzewe yote ni ziada. Salome ndiye msemaji wetu. Alivyokuwa anazungumza nilijiona mtu, baada ya muda mrefu.

Alituuliza mmoja mmoja. Alipofika kwa Mzee Theonest, ambaye anafundisha Kiingereza na mawasiliano, mzee aliweka kikombe chini.

"Mimi nitaendelea," akasema.

"Kwa nini?" Salome akauliza.

"Naogopa."

Watu waliguna. Mimi ndiye niliyejibu, nikiwa nimepandwa na hasira: "Mzee, watu kama wewe ndio mnaofanya tukanyagwe. Mtu akikubali kuwa jamvi asilalamikie nyayo."

Hakukasirika. Alisema, "Mama Nelly, wewe una umri wa kutafuta kazi kwingine. Mimi tangu nistaafu sekondari naishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na presha hii inanilisha dawa kila siku. Nani atamchukua mzee?" Akamshukuru Salome kwa chai, akaaga kwa Kihaya chake cha Muleba kilichochanganyika na Kisukuma, akatoka.

Hakuna aliyenyanyuka kumsindikiza. Hata mimi, niliyelelewa kujua kwamba mgeni husindikizwa hata ukiwa umegombana naye.

Jumatatu, 10 Februari

Siku ya kwanza ya baraza. Tulikaa tumenyooka kama watu waliokuja kuposa. Wanafunzi walichungulia madirishani. Mkuu alipita, akatupiga picha kwa simu yake, akaendelea na safari yake ya chooni.

Nimefika nyumbani jua bado lipo juu. Baba Nelly akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 13 Februari

Basi la Kahama, ninaloanzia safari ya Runzewe, limeondoka bila mimi. Niliamka kwa mazoea, nikakumbuka, nikalala tena. Raha iliyoje. Wanasema Mzee Theonest amekwenda peke yake na atawashika wale watu wa ukumbi wa harusi kutwa nzima, vipindi vyake na vyetu. Jamvi.

Jumatano, 19 Februari

Mvua zimerudi, na zimerudi na hasira. Majaruba ya mpunga nyuma ya Ngokolo yamejaa pomoni. Jirani yangu mama mmoja alinisalimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikaitikia. Akasimama na jembe lake begani, akaniuliza, "Eti ninyi ndio mnaokataa kufundisha watoto wa watu, na mshahara mnachukua?"

Nilianza kumweleza habari za mkataba. Akanitazama kama mtu anayesikiliza redio ya lugha nyingine, akaenda zake shambani.

Jumatatu, 24 Februari

Mkuu amewakusanya wanafunzi bila sisi. Amewaambia wakufunzi wenu wamechoka kabla ya kazi. Mchana msichana wa mwaka wa pili niliyekesha naye wodini wakati wa mazoezi yake alinipita bila shikamoo.

Halafu ameanza kutuita mmoja mmoja. Kwangu alisema dakika chache tu: barua ya onyo inaandaliwa. Kwa Salome alikaa muda mrefu hadi chai yetu ikapoa. Salome alipotoka alisema, "Ameanza kulegea." Tukampigia makofi. Nimeona viatu vyake vikiwa vikavu katika siku yenye tope hili, na kwa kuwa hakuna mkufunzi mwenye gari, nikahisi ameletwa na la Mkuu asubuhi. Nikajilaumu kwa kumfikiria vibaya rafiki.

Alhamisi, 27 Februari

Sikutaka kuandika leo, lakini naandika.

Jana mchana Mzee Theonest alinikuta barazani. Miguu imemvimba, viatu amevikanyaga visigino. Alinisalimia kwanza yeye, ingawa mimi ndiye mdogo.

"Mama Nelly, nina ombi. Wale wa Runzewe wananisumbua kila wiki na hiyo huduma ya dharura. Mimi ni mtu wa Kiingereza, sijui pa kuanzia. Nipe notisi zako nikawasomee. Afadhali wasikie kuliko kukosa kabisa."

Notisi zilikuwa kwenye mkoba wangu, miguuni pangu.

Nikasema, "Hivyo ni vipindi vya ziada, Mzee. Nikikupa notisi, nimevifundisha."

Wenzangu wawili wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambie!" Mzee akatikisa kichwa polepole, kama anayeafiki hoja nzuri ya mwanafunzi.

"Sawa, mama," akasema. Akaenda kituoni na mwavuli wake.

Hoja yangu ilikuwa sahihi. Nimeipitia tangu jana na bado ni sahihi. Ukianza kutoa kidogo, umetoa chote. Sasa kwa nini chakula hakipiti?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Baraza linavuja. Tumesogeza viti.

Ijumaa, 7 Machi

Simu ya Ngusa iliingia mchana nikiwa naanua nguo kabla ya mvua.

"Madam, Mwalimu Theonest ameanguka."

Nikauliza ameangukaje. Nyuma yake nilisikia kelele za watu na karasha. Alisema mzee alikuwa anaandika ubaoni, chaki ikamponyoka, akainama kuiokota na hakuinuka. Mdomo umekwenda upande. Mkono mmoja hauna nguvu. Anataka kusema, maneno hayatoki.

Kiharusi. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza aliyefundishwa angekijua kabla chaki haijafika sakafuni.

"Mmemlaza vipi?"

"Tumemkalisha kwenye kiti, Madam. Tunamshikilia. Tumempa maji na soda kidogo apate nguvu, ila anapaliwa sana."

"Msimpe kitu mdomoni! Ngusa! Mlaze ubavu, msimpe kitu!"

"Sikusikii, Madam! Karasha!"

"Ubavu! Mlaze ubavu!"

"Tumpe nini?"

Nilipiga kelele hadi Nelly akaanza kulia. Simu ikakatika. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nilisimama uani na nguo mikononi, mvua ikaanza, sikuingia ndani.

Baadaye Dorah, msichana anayekaa viti vya mbele, ndiye aliyenipigia akanieleza yaliyobaki. Walipoona anazidi kupaliwa waliamini amekabwa na kiu, wakamwongezea maji. Kisha wakampakia kwenye bajaji, wawili wakimshika huku na huku akiwa amekaa wima, hadi kituo cha afya. Huko walimhudumia walivyoweza, wakampa gari la wagonjwa lije naye Shinyanga.

Ukumbi mzima wa watu wanaosomea uuguzi. Walimzunguka kwa upendo wote, wakafanya kila kisichotakiwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kumwona. Amelala, anakoroma, na kila pumzi ina sauti ya maji. Sikuhitaji kusoma jalada. Yale maji na ile soda viliingia mapafuni, na sasa kuna nimonia juu ya kiharusi.

Mkewe, Mama Adam, Msukuma wa huku kwetu, alinipisha benchi kando ya kitanda. Nilimpa pole. Alinishika mkono akanishukuru, "Wabeja, mama. Wewe ndiye Mama Nelly? Alikuwa anakutaja."

Nikajiandaa.

"Alikuwa anasema una haki kabisa. Kila akirudi Runzewe miguu imevimba ananiambia, yule mama ana haki, mimi ndiye mwoga. Nikamwambia basi wafuate wenzako. Akasema, nikiwafuata nani atanunua dawa."

Angenitukana ningeweza kukaa. Nilitoka nikasema nakwenda kununua uji.

Alhamisi, 13 Machi

Amefariki alfajiri.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemuaga nyumbani kwake kabla ya safari ya kumpeleka kuzikwa Muleba. Dkt. Maduhu alivaa suti nyeusi na akaongea vizuri mno. Alisema chuo kimempoteza mwalimu wa kweli. Kisha akashusha sauti, akasema, "Alibeba mizigo iliyotuliwa na wenzake." Waombolezaji wakageuza shingo kutuangalia pale tulipokaa.

Mtu aliyepanga ile ratiba, aliyemtuma mzee wa presha kwenye tawi lisilo na mkufunzi, amesimama mbele ya jeneza na kutunyooshea kidole. Na ubaya wake ni kwamba hakudanganya lote.

Tulikwenda na basi dogo nyuma ya gari la maiti. Barabara ya Muleba inapita Runzewe. Wanafunzi walikuwa wamejipanga pembeni ya lami, sare nyeupe zimelowa zikawaganda mwilini, hakuna aliyejikinga. Gari halikusimama, lilipunguza mwendo tu. Nilimwona Ngusa amenyoosha mikono ubavuni kama askari. Kichwa alikuwa amekiinamisha, akiiangalia mikono yake.

Jumatatu, 17 Machi

Kikao cha wakufunzi wote, Mkuu akiwepo. Salome alisimama kabla hatujamwomba.

"Ndugu zangu, tulipitiwa," akasema. "Njia tuliyochagua imegharimu uhai. Naomba turudi kazini kwa moyo mmoja."

Mkuu akamshukuru. Kisha akatangaza kwamba Madam Salome ndiye Mratibu mpya wa tawi la Runzewe. Hatafundisha, atasimamia. Vipindi vya marehemu tutagawana sisi tuliobaki. Barua za onyo zitabaki kwenye majalada yetu kama kumbukumbu. Wawili miongoni mwetu wametoka humo humo na hawatarudi. Sisi wengine tulibaki tukikwepana macho.

Nilimfuata Salome nje.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Tangu ile siku chai ilipoa?"

Akaniita kwa jina langu. "Euphrasia, haki hailiwi. Nina watoto wanne na mama mgonjwa."

"Na mimi nina nani? Ulituweka barazani."

"Niliwaweka, ndiyo. Na niliamini kila neno nililosema." Alikuwa analia, nadhani kwa kweli. Kisha akafuta macho, na sauti ikawa ngumu. "Lakini mimi sikumnyima mzee notisi. Ulimnyima wewe, mbele ya watu."

Akaingia kwenye gari la Mkuu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Sikula.

Jumatano, 19 Machi

Baba Nelly ameniambia niache kazi, tutabanana. Nikamwambia nitaacha, ila Runzewe naenda mara moja kwanza. Akauliza kwa kipindi gani. Nikasema kimoja hakijafundishwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nililiomba doli stoo jana jioni, alfajiri nikalipakata kwenye basi hadi Kahama, nikabadilisha nalo gari. Abiria walinitania kwamba mtoto wangu hachoki. Sikuweza kucheka nao.

Ukumbini palikuwa kimya, hata karasha zilikuwa hazijaanza. Ubao ulikuwa bado na sentensi ya Kiingereza aliyoiacha Mzee Theonest katikati. Hakuna aliyekuwa ameifuta. Sikuifuta na mimi, nikaandika pembeni yake.

Nilifundisha kuangalia mdomo, mkono, usemi. Nilifundisha kumlaza mgonjwa ubavu na kuacha mate yatoke. Nilipofika kwenye "asipewe chochote mdomoni" kalamu zote zikasimama.

Ngusa alinyanyuka. "Madam, yale maji nilimpa mimi."

"Najua."

"Ndiyo yaliyomuua?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kitabibu, na yote yangekuwa kweli. Kwamba kiharusi chenyewe huua. Kwamba alikuwa mzee, ana presha, amechoka. Nilimtazama mtu mzima yule aliyeuza sehemu yake ya duara ili ajue mambo haya haya, nikaona nikimdanganya leo nitakuwa nimemnyima mara ya pili.

"Yalimwingia mapafuni," nikasema. "Ndiyo, yalichangia kumuua. Na wewe hukujua, kwa sababu hukufundishwa."

"Tulimwomba Mwalimu atufundishe. Kila wiki tulimwomba. Akasema notisi bado hajazipata."

"Zilikuwepo. Zilikuwa kwangu. Aliniomba, nikamnyima."

Nilisubiri. Sijui nilisubiri nini, labda wanitukane, labda waondoke. Ngusa hakukaa. Alinikazia macho hadi nikainamisha yangu. Nyuma ya ukumbi karasha ya kwanza ikawashwa.

Dorah akanyanyua mkono. Ilibidi apige kelele.

"Ubavu upi, Madam? Ule wenye nguvu au uliopooza?"

Nikapiga magoti sakafuni kando ya doli, nikawaita wasogee wote, nikawaonyesha.